Barabara Hupinda Penye Kaburi

Ngo. Ngo. Ngo. Nyundo juu ya chuma, chuma kikizama ardhini. Hata sasa jirani akigonga msumari ukutani, mkono wangu unanyanyuka wenyewe kutafuta fimbo.

Hiyo ndiyo sauti ya siku yangu ya kwanza kazini. Niliteremka Kayanga asubuhi, ukungu bado umeikalia migomba, nimevaa viatu vya dada yangu vinavyonibana, nikawasikia wenzangu kabla sijawaona. Nikaufuata mlio ule nyuma ya maduka. Huko nikakuta vijana watatu wenye jasho, mashine moja iliyosimama kwa miguu mitatu, na mzee nadhifu aliyekuwa akiimba wimbo wa kanisani huku jicho moja kaliweka kwenye kioo cha mashine. Nikampa shikamoo. Hakuitikia mpaka alipomaliza ubeti.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeletwa na mama mchungaji?"

"Ndiye mimi, bosi. Naitwa Jeneroza."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili."

"Unaweza kusimama?"

Nikadhani ananitania. "Kusimama tu?"

"Kusimama tu. Watu wengi hawawezi. Wanayumba, wanajikuna, wanapokea simu. Shika hii."

Akanipa fimbo ya chuma chepesi yenye mistari myekundu na myeupe. Juu yake kulikuwa na kioo kinachoitwa prizma. Mashine hutuma mwanga, prizma huurudisha, na hapo mashine inajua umbali. Kazi ya mshika fimbo ni kwenda kwenye kona ya kiwanja, kuisimamisha wima mpaka kiputo cha hewa kwenye kichupa chake kitulie katikati, kisha kubana pumzi kidogo. Ikilia "tii", umepimwa, unahamia kona nyingine. Kufikia mchana nilikuwa sina tena jina la ubatizo. Nilikuwa naitwa Fimbo.

Wadogo zangu siku hizi wananiita mstaafu, nami nina miaka thelathini na ushee tu. Wana haki. Kampuni iliyoniajiri kibarua ilimaliza mkataba wake ikaondoka na mashine zake, na mimi nikabaki Omurushaka nikiotesha miche ya kahawa. Lakini niliifanya kazi ile mpaka soli zangu zikazijua wilaya zote mbili, Karagwe na Kyerwa, na kila mara anakuja kijana kuniuliza, "Dada Jeni, hivi ramani ya mji inatengenezwaje?" Naandika kwa ajili ya hao. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, halafu nitaeleza kilichonishtua, maana mpaka leo sijamaliza kushtuka.

Yule mzee tulimwita Bwana Mpima. Alikuwa mtu wa Muleba, Mlutheri wa kupiga pasi mpaka soksi. Kazi yetu iliitwa urasimishaji. Maana yake watu walishajenga kabla ramani haijafika, na sasa ramani inawafuata nyuma kama mama anayemkimbilia mtoto na sweta. Tulipita kiwanja kwa kiwanja pamoja na kamati ya mtaa. Jirani akasimama huku, jirani akasimama kule, wakikubaliana tunapiga bikoni, yaani nguzo fupi ya zege yenye chuma katikati. Wasipokubaliana tunakaa chini, tunatafuna kahawa kavu, tunasubiri wachoke.

Sasa barabara. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa sababu barabara mpya lazima imege ardhi ya mtu. Siku ile ya kwanza nilimwonesha Bwana Mpima kona ya nyumba, akanizuia kwa kidole.

"Fimbo, kabla hujanionesha nyumba, nioneshe makaburi."

"Makaburi kwanza?"

"Kwanza kabisa. Nyumba ikivunjwa watu watalia, watalipwa, watajenga nyingine. Kaburi ukiligusa hutalala. Ama polisi watakukosesha usingizi, ama mwenye kaburi." Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Shika hili likusaidie maishani: barabara hupinda penye kaburi."

Kwetu, mnajua, mtu anazikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba na mibuni yake, karibu na watoto wake. Kwa hiyo tulitembea na kopo la chokaa. Mjumbe wa kamati akifika kwenye mji wa mtu, yaani nyumba na kibanja chake, anasalimia, kisha anauliza, "Kaburi lipo?" Likiwepo, mimi naokota jiwe, nalipaka chokaa, naliweka kwenye kona ya kaburi. Jiwe jeupe. Mchoraji wa ramani akiliona kwenye vipimo vyetu, anaipeleka barabara pembeni. Na dereva wa greda, ile mashine kubwa ya kulima barabara, akiliona, anakanyaga breki. Kila dereva wa greda huku kwetu analijua jiwe jeupe.

Niliipenda sana kanuni ile. Nilikuwa msichana wa ndoto, na ndoto yangu ilikuwa mji. Nilichora miji nyuma ya karatasi za kufungia sukari: kila kona ina benchi, kila shule ina uwanja, kila bibi ana njia ya kufika kanisani bila kukanyaga matope. Mji unaopinda kwa heshima ya wafu, nikasema, hauwezi kuwaonea walio hai.

Baada ya Kayanga tulihamia Kaisho, upande wa Kyerwa, na Kaisho ndiko kwetu. Hebu fikirini, kampuni inapima kijijini kwenu, na wewe ndiye unayetembea na fimbo! Mama alitupikia ndizi na maharage, akawaita vijana wote "wanangu", akamuuliza Bwana Mpima kama soksi zile anapigiwa pasi na mke au anapiga mwenyewe.

"Napiga mwenyewe, mama."

"Basi mkeo amelala salama," mama akasema, na vijana wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Kaburi la baba lina vigae vya bluu. Nililiwekea jiwe jeupe kwa mkono wangu, na barabara iliyokuwa ije moja kwa moja ikapinda, ikashuka kupita mwisho wa kibanja chetu, penye shina la migomba mikongwe isiyozaa. Tangu tukiwa wadogo mama alikuwa akisema, "Pale paache," nasi tulipaacha. Tukapiga bikoni karibu na pale. Ngo, ngo, ngo. Mama alikuwa anaosha vyombo. Akaviacha, akaingia ndani. Nikadhani ni uchungu wa kumegewa kibanja.

Kaisho ndiko nilikokutana na Afisa Mipango Miji, dada mmoja mwenye sauti ya redio, aliyesomea Dar es Salaam. Tulimwita Mama Mipango ingawa hakuwa na mtoto. Mpima anasema ardhi iko wapi. Mpanga miji anasema itumike kwa kazi gani. Alinifundisha rangi za mchoro: njano ni makazi, nyekundu biashara, kijani eneo la wazi, kijivu ni yale mambo ambayo kila mtu anayahitaji na hakuna anayeyataka mlangoni pake, kama machinjio na dampo la taka.

"Zamani za mkoloni," aliniambia siku moja tunasubiri mvua ikatike, "mchoro ulikuwa na rangi za watu. Uzunguni juu, penye upepo. Uhindini katikati, penye maduka. Uswahilini chini, penye maji machafu. Na katikati yao waliacha uwanja mpana, eti mbu wasivuke."

"Mbu wasivuke!"

"Ndiyo. Mbu wa Mswahili wasimuume Mzungu." Akapiga meza kwa kicheko. "Sisi, Jeneroza, hatuandiki kabila la mtu wala rangi yake popote kwenye mchoro. Unaona mahali pameandikwa? Hakuna. Tunapanga ardhi."

Nilikenua meno kwa furaha. Nilijiona nimezaliwa wakati mzuri.

Kituo cha tatu kilikuwa Omurushaka. Mnapajua: mabasi ya Bukoba na ya Kyerwa, magunia ya maharage, wageni wa kulala, kelele. Mji ulikuwa unafurika, na tulitakiwa kuupanga mtaa mmoja wa pembezoni ambao sitautaja jina. Mtaa wenyewe ulikuwa na mgongo na bonde. Mgongoni walikaa wenyeji wa siku nyingi. Bondeni palikuwa panaitwa Kwa Bagenyi, yaani kwa wageni. Babu zao walivuka Mto Kagera kuja kulima kahawa za watu, wakapewa mahali pa kujenga kibanda, wakazaa, waliozaliwa wakazaa. Nilikuta bibi kizee aliyezaliwa pale pale bondeni, na bado ni mgeni. Watu wa mgongoni walikuwa na mchezo wa kumtazama mtu pua na urefu wa shingo kabla ya kumuuliza jina. "Huyu wa chini," wanasema. Wanasema bila ubaya, kama anayesema huyu ng'ombe ni mweusi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Kamugisha wa mgongoni, mtu mpole, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye kofia ya pama. Baba yake ndiye aliyewakaribisha wengi wa wale wa bondeni. Tulianza na mgongo, na ilikuwa kazi! Kila kibanja kina makaburi: ya zege, ya vigae, lingine lina kibanda cha bati kizuri kuliko nyumba yetu. Mzee Kamugisha akiuliza, "Kaburi lipo?" watu wanajibu kwa kujigamba. "Yapo manne, na la babu liko huku, njoo uone." Mlio wa nyundo ukisikika, milango inafunguka, watoto wanatoka mbio.

Tukateremka bondeni. Nyundo ikalia ile ile, ngo, ngo, na milango ikafungwa.

Yule bibi aliyezaliwa pale aliitwa Bibi Koletha. Alikuwa peke yake nje, amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Akatupokea vizuri, akatupa kahawa kavu za kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaniambia nina macho ya mtu mwenye njaa. Nikacheka. Mzee Kamugisha hakukaa. Alisimama kibanjani, akauliza lile swali lake, lakini safari hii aliliuliza akitazama viatu vyake.

"Kaburi lipo?"

Bibi Koletha alimwangalia. Kisha akainamia maharage yake.

"Hakuna."

Ikawa hivyo mji kwa mji. Hakuna, hakuna, hakuna. Vijana wakafurahi, maana kazi ilikwenda mbio. Kopo la chokaa sikulifungua kabisa bondeni. "Huku ni kama kukata sabuni kwa uzi," Bwana Mpima alisema, na akaimba ubeti mzima.

Baada ya wiki chache Mama Mipango alileta mchoro ubandikwe kwenye ukuta wa ghala la kahawa. Sheria inataka wananchi wauone na watoe pingamizi kabla haujapitishwa. Watu walijaa. Mimi nilikuwa nyuma, nimejinyoosha kwa vidole vya miguu, nina hamu kama bibi harusi. Nikaona mgongo: barabara zimepinda na kuzunguka, zinapita kati ya mji na mji kwa adabu kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Kisha nikaona bonde. Barabara zimenyooka kama mtu kazilalia na rula. Barabara kubwa ya malori inapita chini. Machinjio chini. Na katikati ya bonde, kipande kizima cha kijivu. Dampo la mji.

Uwanja mpana wa kijani ulikuwa katikati ya mgongo na bonde.

Nikakumbuka mbu. Nikarudi chini kwenye visigino vyangu. Nilisoma mchoro wote, pembe hadi pembe, nikitafuta mahali palipoandikwa kabila la mtu. Hapakuwa na neno hata moja.

Mtu akanishika kiwiko. Bibi Koletha.

"Mwanangu, mimi sijui kusoma. Nimelala wapi hapa?"

Nilipeleka kidole. Kiliangukia kwenye kijivu. Nilitaka kukivuta pembeni kidogo tu, kwenye njano, lakini kidole kilibaki pale.

"Hapa ni nini?"

"Dampo, bibi. Pa kutupa taka."

Hakupiga kelele. Aliguna tu, kama mtu aliyebeba mzigo na kuongezewa jiwe. "Basi na mzee wangu atakuwa takataka."

"Mzee yupi, bibi? Si ulisema hakuna kaburi?"

"Nilisema hakuna kaburi. Sikusema hakuna watu."

Ndipo akanieleza, pale pale, watu wakitusukuma huku na huku. Babu yake alipokaribishwa aliambiwa hivi: utalima, utakula, utaoa, utazaa, lakini usijenge kaburi. Kwa sababu kwetu mwenye kaburi ndiye mwenye ardhi. Mtu akishalaza mzazi wake mahali, ukoo wote unajua kwamba hapo hatoki. Kwa hiyo wakizika, wanasawazisha udongo, wanaweka jiwe dogo la kawaida, na juu yake wanapanda mgomba. Mumewe alikuwa chini ya mgomba. Watoto wake wawili, chini ya mgomba. Bonde zima, kila mji, wafu wao walikuwa wamesimama wima na majani ya kijani, na mimi nilipita katikati yao na fimbo yangu nikihesabu kona.

"Na Mzee Kamugisha alipouliza?"

"Kamugisha ni mtoto wa aliyetukaribisha. Nikimjibu lipo, si nimevunja agano la babu? Nilidhani anauliza ili atufukuze."

Swali lile lile! Mgongoni lilikuwa mwavuli. Bondeni lilikuwa mtego, na hakuna aliyelibadilisha hata neno moja.

Mimi si mtu wa kupiga kelele mbele za watu. Nilikwenda nikamnong'oneza Mama Mipango, naye akabadilika rangi. Akaomba utulivu, akasema kuna pingamizi, akamtaka Bibi Koletha aseme. Bibi akasema kwa ufupi kuliko alivyoniambia mimi. Watu wa mgongoni wakaanza kuchemka.

"Ehee! Wameona ramani, makaburi yameota kama uyoga!"

"Mwaka huu tutavuna makaburi kuliko senene!"

Kicheko kikapasuka. Kijana mmoja wa bondeni akajibu kwa ukali, "Cheka wewe ambaye babu yako ana bati, babu yangu hana hata jiwe jeupe," na watu wakaanza kusukumana. Bwana Mpima akapanda juu ya kreti la soda, soksi zake zikaonekana.

"Tusikilizane! Mimi nimeuliza kila mji. Nimepita na mwenyekiti wenu. Wameniambia hakuna. Mimi sikuuliza kabila la mtu. Sikuuliza hata mara moja!"

"Ndiyo maana," akasema Mama Mipango. Alisema taratibu, kama anajiambia mwenyewe.

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana hatukujua kwamba kuna watu hawaruhusiwi kuwa na kaburi."

Bwana Mpima akashuka kwenye kreti. Kisha akasema jambo ambalo kila mpima angelisema: bila ushahidi hawezi kubadilisha vipimo. Ushahidi upi? Mtu mmoja akajibu kwa sauti kwamba ni rahisi, wachimbe. Hapo hata wa mgongoni waliguna. Kuchimba mtu! Bibi Koletha alitikisa kichwa. Heri taka, alisema, kuliko jembe mara ya pili.

Nikafikiri basi, imekwisha. Nililia, sioni haya kusema. Na pale aliposema "jembe mara ya pili" nikaona kwamba alikuwa hatazami mchoro tena. Alikuwa anamtazama Mwenyekiti, ambaye muda wote huo alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Nanyi mnajua desturi. Kwetu mfiwa hachimbi kaburi. Wanaochimba ni majirani, na wanawake wa majirani ndio wanaopika. Hata kama mfiwa ni mgeni. Hata kama kaburi lenyewe litasawazishwa kabla ya giza na kupandwa mgomba.

"Kamugisha," akaita Bibi Koletha. Hakusema mzee wala mwenyekiti. Alimwita kama anavyoitwa mtoto uliyecheza naye. "Siku tuliyomlaza baba Leokadia, mume wangu. Jembe lilikuwa la nani?"

Nje basi la Bukoba lilikuwa linapiga honi, kondakta anaita abiria, na sote tulisikia kila neno la kondakta.

Mzee Kamugisha aligeuza kofia mikononi. Akaigeuza tena.

"Langu," akasema.

"Na mtoto wangu wa kwanza?"

"Langu, Koletha. Na wa pili. Mengi huko chini ni jembe langu." Akavaa kofia, akatoka, akaenda zake kwa miguu kuelekea mgongoni, na hakuna aliyemfuata.

Kumbe wote walijua. Hilo ndilo lililonishtua kuliko kijivu chote cha kwenye ramani. Wale waliocheka habari za uyoga, nusu yao walikula maharage kwenye misiba ile. Hawakuwa wamedanganya. Hawakuwa wamepanga jambo baya usiku. Walikuwa wamezoea tu, mpaka wakawa wanajua na hawajui kwa wakati mmoja.

Mama Mipango aliubandua mchoro, akaukunja. Tulirudi bondeni na swali jipya, "Nani amelala hapa?", na safari hii hatukwenda na kamati, tulikwenda na wanawake wa mgongoni waliowahi kupika kule. "Hapa," wanasema, wakigusa mgomba. "Huyu alikuwa fundi cherehani. Siku hiyo mvua ilinyesha, tulipikia ndani." Chokaa iliisha, tukatuma bodaboda ikalete nyingine Kayanga. Bwana Mpima hakuimba siku hizo. Dampo likahamishiwa kwenye shimo la zamani la kokoto nyuma ya mgongo, na watu wa mgongoni wananung'unika mpaka leo. Kibanja cha Bibi Koletha kikapakwa njano.

Lakini haikuwa shangwe tupu. Kulikuwa na mzee mmoja chini kabisa aliyekataa kusema hata alipobembelezwa. "Hakuna," alisema, "hakuna, nendeni." Agano lilikuwa limemwingia kwenye mifupa. Barabara ya malori ilipita kwake moja kwa moja, imenyooka. Nikipita hapo nafunga macho kidogo, ingawa niko kwenye bodaboda.

Mkataba ulipoisha, Bwana Mpima alinipa mkono wa kwaheri. "Fimbo," akasema, "nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa, na nilidhani nauliza swali la huruma." Ni hayo tu. Mama Mipango aliniambia nirudi shule. Bado nawaza. Bado nachora miji yangu nyuma ya karatasi, mabenchi yapo, ila sasa kabla sijachora barabara nakaa kwanza na kalamu mkononi, najiuliza katika mji huu ni nani aliyekatazwa kuonekana. Nanyi mtakaoshika fimbo baada yangu, msiridhike upesi na neno "hakuna". Tazameni aliyeuliza amesimama karibu na nani.

Nilidhani hapo ndipo mshtuko wangu ulipoishia. Kumbe nilikuwa sijafika nyumbani.

Msimu huu wa kahawa nilikwenda Kaisho kumsaidia mama kuanika. Jioni alikuwa ananieleza habari za kijiji, akasema greda limeshafika kwenye kituo, kesho litalima barabara yetu. Nikaangalia chini, kule ilikopinda kulikwepa kaburi la baba. Nikaiona ile migomba mikongwe isiyozaa. Pale paache. Mikono yangu ikapoa juu ya kahawa.

"Mama, chini ya migomba ile kuna nani?"

Aliendelea kutandaza. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Akamwaga kahawa za mwisho, turubai likajaa. "Mke wa Sebastiani," akasema. "Aliyekuwa akitulimia, kabla hamjapata akili. Na kachanga kake. Sebastiani aliondoka baadaye, sijui yuko wapi. Baba yako alikuwa mtu mzuri, Jeni."

"Najua, mama."

"Alichimba mwenyewe, na alilia. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu."

"Najua."

Sikumwambia neno zaidi. Alfajiri, mama akiwa bado kwenye sala zake, nilichukua chokaa iliyobaki baada ya kupaka jiko, nikashuka peke yangu mpaka mwisho wa kibanja. Nilipekua majani makavu kwa vidole mpaka nikalipata lile jiwe dogo, na kando yake lingine, dogo zaidi. Nikayapaka yote mawili pande zote, nikayarudisha palepale, nikaondoa majani ili yaonekane vizuri kutoka barabarani.

Halafu nikasimama wima, nikabana pumzi, kama nilivyofundishwa.